Niliwapima Mboto Bila Kuwapasua

Mkinikuta sokoni Kasongo nimeinama kwenye meza ya mama muuza samaki, nabonyeza tumbo la samaki ambaye sina nia ya kumnunua, msinicheke. Wala msimwambie muuzaji kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, maana yeye ameshasema hivyo kabla yenu. Kazi ya kupima samaki nilistaafu, lakini vidole vyangu vilikataa kustaafu. Nikiona mboto, lazima nijue ameshiba au ana njaa, na kilichomjaza tumbo ni mafuta au ni mayai. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote kwenye ukingo wa Lualaba. Na ndiyo kazi niliyoiharibu mwezi mmoja wa tisa, kwa kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hakupaswa kulifanya.

Nawaandikia ninyi mnaoianza sasa. Nimewaona kivukoni na simu zenu. Mnampiga samaki picha, mnaandika urefu, mnaandika uzito, na jua halijawa kali mmeshapanda pikipiki mmerudi mjini. Mko wepesi kuliko tulivyokuwa sisi, sikatai. Mambo ya simu mtanifundisha ninyi. Mimi nitawaambia habari za tumbo la samaki, na habari za Mama Feza, mwanamke aliyeondolewa kwao kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Mboto mnamjua wote, lakini wengi mmemjua kwenye sahani. Ni samaki mpana, ana mdomo mdogo usiofanana na mwili wake, na anakula majani kuliko nyama. Mto ukipanda na kufunika nyasi, anaingia humo na kula bila kupumzika mpaka ananenepa. Maji yakishuka, chakula kinaisha, naye anaishi kwa mafuta aliyoyaweka tumboni. Halafu mvua zinapokaribia, jike anayachukua yale mafuta yaliyobaki anayageuza mayai. Shikeni hapo, kwa sababu mimi nilifundishwa hapo na ndipo nilipoteleza.

Aliyenifundisha alikuwa Papa Alfonsi, Mbangubangu mfupi kutoka upande wa Kabambare, aliyenitangulia kwenye biro, ofisi yetu ya uvuvi, kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa maneno machache na tabasamu la kukera. Mwaka wangu wa kwanza nilianguka na baiskeli, ubao wangu wa kupimia ukavunjika upande wa kichwa. Nikaupigilia misumari, nikaendelea na kazi. Sikuona kwamba kipande cha mwanzo cha rula, upana wa vidole viwili, kimebaki njiani. Msimu mzima kila samaki niliyempima alikuwa mrefu kuliko alivyozaliwa. Niliandika rapore ya kurasa nyingi kueleza kwamba mboto wa Kasongo wanarefuka huku wanakonda, na nikaongeza sababu za kutosha, maana kijana aliyesoma hakosi sababu.

Papa Alfonsi aliisoma yote, akakunja karatasi polepole.

"Amisi, mutoto yangu," akasema, "hii samaki iko na urefu ya baba yake na kilo ya mutoto yake. Ao samaki wote wanagonjwa, ao ubao yako njo inagonjwa. Lete ule ubao."

Aliweka kidole chake mahali rula ilipoanzia, akacheka mpaka akatoa leso. Kwa miezi kadhaa kila mtu aliyeingia biro alioneshwa ule ubao. Niliona aibu sana, lakini nilijifunza kuangalia chombo kabla ya kumlaumu samaki. Ninyi pia anzeni hapo. Pimeni kutoka ncha ya mdomo mpaka pale mkia unapogawanyika, kwa sababu ncha za mkia huliwa na samaki wengine na zitawadanganya. Mfuteni samaki maji kabla ya kumtundika kwenye mizani. Majike waandikeni kwenye ukurasa wao na madume kwenye ukurasa wao.

Magamba nayo yasomeni. Papa Alfonsi alikuwa anang'oa gamba moja nyuma ya pezi la ubavuni, analisugua kwenye kanzu yake ya kazi, analiinua mbele ya jua. Ndani yake kuna mistari midogo inayozunguka. Mistari ikiachana, samaki alikula vizuri. Ikibanana, aliona njaa. Ana miaka mingapi, alikua haraka au alidumaa, yote yamo humo. Nilimwona akimwambia mvuvi mzima kwamba samaki wake alipata shida msimu wa kiangazi kilichopita, na yule mvuvi akarudi nyuma hatua mbili, akidhani anaagua.

Lakini somo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la tumbo. Kulikuwa na mchuuzi mmoja kivukoni aliyekuwa anawashindilia samaki wake udongo mdomoni kabla ya kuwapeleka sokoni. Papa Alfonsi hakumkaripia. Alimtundika samaki mmoja kwenye mizani, akaniambia niandike. Kisha akampasua, akatoa donge la udongo, akaliweka mkononi mwangu.

"Balansi haijue nini iko ndani," akasema. "Ukiiwekea udongo, itakuambia udongo ni nyama. Weye unapasua kwanza, unatoa yote ya tumbo, njo unapima. Kama hupasue, usiandike."

Niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Yalikuwepo hata siku ile ya Kalubi.

Kalubi ni bwawa refu lililoachwa na mto, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka mjini. Mto ukijaa linaungana nao na mboto wanaingia. Mto ukishuka wanabaki humo wamefungiwa. Watu wa kijiji cha Kalubi ni wakulima, wakristo wa tangu mababu zao, na bwawa lile ni lao wote. Hakuna anayetupa wavu humo peke yake. Linafunguliwa mara moja kwa mwaka, siku moja, wote wanaingia, wanawake na vikapu na wanaume na nyavu. Na wa kulifungua alikuwa mtu mmoja tu. Kwa miaka niliyofika kule, mtu huyo alikuwa Mama Feza, mjane ambaye kazi hiyo aliipokea kwa mama mkwe wake.

Namna yake ya kupima haikuwa na ubao. Maji yakishashuka, alikuwa anavuliwa mboto mmoja, anampika kwenye chungu kwa maji na chumvi, bila tone la mawese. Mchuzi ukipoa kidogo, wazee wanaitwa waangalie. Yakielea macho ya mafuta, samaki wameshiba, bwawa linafunguliwa. Mchuzi ukiwa mweupe, anasema "bado," na watu wanarudi mashambani kwao. Nilimwandika kwenye daftari langu chini ya mambo ya mila. Leo najua kwamba alikuwa anapima kile kile nilichotumwa kupima, na alikuwa anakipima vizuri kuliko mimi, kwa sababu mafuta ya samaki ndiyo akiba yake, na uzito ni jumla ya kila kitu.

Mwaka ninaousema mto ulichelewa kupanda, na uliposhuka ulishuka haraka. Mboto hawakupata muda kwenye nyasi. Mwezi wa saba Mama Feza alipika, akasema bado. Mwezi wa nane alipika, akasema bado. Wachuuzi wa mjini walikuwa wameshatuma magunia na kuni za kukaushia. Kapita, mkuu wa kijiji, ambaye alikuwa mpwa wa marehemu mume wa Mama Feza, akaanza kuulizwa kila siku bwawa linangoja nini. Mwezi wa tisa akaja biro kwetu. Papa Alfonsi alikuwa ameshatuacha, tulimzika Kabambare, na kiti chake nilikikalia mimi. Nilikuwa pia nimepata mizani mpya inayong'aa ambayo nilikuwa sijapata nafasi ya kuionesha kwa watu.

Nilifika Kalubi nimevaa shati jeupe. Hilo nalisema ili mjue mtu aliyekuja alikuwa wa namna gani. Wakanivulia mboto ishirini, nikawapanga kwenye majani ya ndizi. Warefu, wapana, matumbo yamejaa. Niliposhika kisu, mama mmoja aliyekuwa amesimama pale akasema kwa heshima, "Bwana ajenti, usituharibie. Sisi tunapasua mugongoni." Alikuwa na haki. Mboto wa kukaushwa anapasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama daftari, tumbo linabaki zima na ndilo linalomshikilia juu ya moto. Ukimpasua tumbo, nyama inakatikakatika na kuangukia kwenye majivu. Ningeweza kupasua mgongoni. Ningeweza kuomba samaki watatu tu na kuwaharibu. Nilitazama shati langu, nikatazama watu waliokuwa wanangoja, nikarudisha kisu mfukoni.

Niliwapima wazima. Kilo zilikuwa nzuri kuliko mwaka uliotangulia, samaki wa urefu ule ule.

Mama Feza alikuwa amekaa pembeni na chungu chake. Aliniita, akafunua kifuniko. Mchuzi ulikuwa mweupe kabisa.

"Angalia, mutoto yangu. Hakuna mafuta."

"Lakini mama, wako wazito," nikamwambia. "Balansi hii haikosei. Ni wazito kuliko mwaka jana."

"Wazito, ndiyo. Mwanamuke mwenye mimba naye iko muzito. Utasema amenenepa?"

Watu wakamcheka, na mimi nikamcheka pamoja nao. Kapita aliniuliza mbele ya wote kama samaki ni wanene. Nikasema ni wanene. Akaniuliza kama naweza kuliandika. Nikaliandika, nikatia sahihi, nikapiga muhuri juu ya goti langu. Siku ya kufungua ikawekwa: kesho kutwa.

Mama Feza hakugombana. Aliingia kwake, akatoka na mboto mmoja mkubwa aliyefungwa kwenye majani, akanifungia mwenyewe nyuma ya baiskeli. "Huyu ni ya mama ya watoto," akasema. "Mwambie ampasue leo."

Sasa nawaeleza jambo ambalo sikulieleza kwa mtu kwa miaka mingi. Nilifika nyumbani mchana, jua bado liko juu. Mke wangu Zaina alikaa uani na kisu na beseni. Nilikuwa nabadilisha shati niliposikia ananiita. Alikuwa amefungua tumbo la yule mboto, na mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa mayai. Yalianzia chini ya mapezi yakafika mkiani, vifuko viwili vinene, na juu ya utumbo, mahali ambapo mafuta hukaa, hapakuwa na hata utando. Nyama ya mgongo ilikuwa nyembamba, mifupa inaonekana.

"Baba Asha," Zaina akasema, "hawa wanataka kuzaa."

Nilisimama pale na shati mkononi. Nilielewa yote wakati ule ule. Zile kilo nzuri nilizoandika zilikuwa mayai. Samaki wenyewe walikuwa wamekonda, wamejinyima, wanangoja mto upande wawarudishe nje wakatage. Nilikuwa nimewapa watu ruhusa ya kuwaua mama wote wa mboto wa Kalubi kwa siku moja, na kwa muhuri wa Leta, maana ndivyo tunavyoiita serikali huku kwetu.

Nilikuwa na mchana ule na kesho yake nzima. Baiskeli ilikuwa mlangoni. Mwendo ni saa mbili. Nilijiambia samaki mmoja ni samaki mmoja, huenda wengine ni madume. Nilijiambia magunia ya wachuuzi yameshafika. Ukweli ni kwamba nilisikia kile kicheko cha watu pale Kalubi, na nilijua nikirudi nikasema nimekosea watacheka tena, na safari hiyo nitachekwa mimi. Zaina alikaanga yale mayai na vitunguu. Nilikula, vijana wangu. Nilikula nikashiba.

Siku ya kufungua nilikwenda, kwa sababu ajenti asipokuwepo wataulizana kwa nini. Watu waliingia majini wanaimba. Samaki walikuwa wengi mpaka vikapu vinakatika mishipi. Wanawake walikaa kwa mistari wanapasua migongo, na kando ya kila mmoja mabeseni yalijaa mayai, mekundu mekundu kwenye jua. Mama Feza hakuingia majini. Alisimama ng'ambo amefunga kanga kiunoni, anatazama. Mara moja macho yetu yalikutana, nikajifanya nasoma mizani.

Mwaka uliofuata mto ulipanda vizuri, ukashuka vizuri. Watu walipofungua walipata robo ya kikapu mahali walipozoea vikapu vitatu. Mboto walikuwa wadogo, vichwa vikubwa na miili myembamba. Mwaka wa tatu nilipasua kila niliyemshika. Majike wadogo kama kiganja walikuwa tayari na mayai. Samaki akiona wakubwa wameisha, anaanza kuzaa kabla hajakua, na watoto wake wanakuwa wachache na dhaifu. Niling'oa magamba, nikayainua juani alivyonifundisha mzee wangu, na mistari ilikuwa imebanana tangu mwanzo mpaka mwisho.

Njaa inapoingia mahali, watu hutafuta mtu. Ikaanza kusemwa kwamba Mama Feza alikasirika siku ile tulipomcheka, na kwamba amelifunga bwawa kwa hasira yake. Maneno yalipozidi, kapita aliita mkutano. Nami niliitwa, kama mtu wa Leta mwenye kujua samaki. Mama Feza aliwekwa katikati kwenye kigoda. Hakuwa na mume wala mtoto wa kiume. Binti yake mmoja alikuwa ameolewa mbali, Lusangi.

Kapita akanigeukia. "Bwana ajenti, siku ile balansi yako ilisema nini?"

Mama Feza aliinua uso akanitazama. Hakukuwa na ombi machoni mwake. Alikuwa anasikiliza tu.

"Balansi ilisema samaki ni wazito," nikajibu.

Lilikuwa jibu la kweli neno kwa neno, na ndiyo dhambi kubwa kuliko zote nilizofanya. Kosa la kwanza lilikuwa la kisu kisichotumika, na kila mpimaji ana siku yake ya uvivu. Hili la pili nililifanya nikiwa nimesimama wima, najua kila kitu, na mtu anaumia mbele yangu. Walimvua kazi ya bwawa siku hiyo. Wiki haikuisha, mtu akachoma jiko lake la nje. Alifunga sufuria, godoro na jembe nyuma ya pikipiki ya kukodi, akaenda Lusangi kwa binti yake. Watu wa Kalubi wakapata amani. Mimi nikapandishwa cheo, si kwa sababu hiyo, lakini nikapandishwa.

Mtaniuliza kwa nini sikumfuata mapema. Nilikuwa na jibu kila mwaka. Barabara ya Kabambare ni mbovu. Mvua ni nyingi. Mtoto anaoa. Usalama si mzuri. Majibu yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na mimi nilishakuwa fundi wa kusema ukweli wa namna hiyo. Zaina alinikumbusha mara nyingi, kisha akanyamaza, kisha akafariki. Baada ya arobaini yake nikachukua pikipiki.

Nililala Kabambare, nikafika Lusangi kesho yake mchana nimejaa matope mpaka kwenye nyusi. Vijana walikuwa wanapita na sululu wanakwenda kuchimba. Mama Feza alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya binti yake, anamenya karanga. Alikuwa amezeeka, lakini alinijua kabla sijavua kofia.

"Bwana ajenti," akasema. "Umekonda."

Binti alileta kiti na maji ya kunywa, akakaa. Nikaanza kusema. Nilieleza kisu, nikaeleza shati, nikaeleza mikono ya Zaina iliyojaa mayai, nikaeleza siku mbili na baiskeli mlangoni. Nilieleza mkutano. Nililia, sioni haya kuliandika. Yeye aliendelea kumenya karanga zake mpaka nikamaliza.

"Nilikupatia ule samaki ili uone," akasema.

"Niliona, mama."

"Nilingoja ile siku yote na kesho yake. Nilikuwa nasimama barabarani."

Nikapiga magoti nikamwomba anisamehe.

"Hapa, nani alinifukuza?" akauliza. "Ni hizi karanga? Hapa kila mutu ananiheshimu. Maneno yako umeyaleta kwa mutu mwenye anayajua. Enda useme kule. Ukimaliza, utarudi."

Kwa hiyo nikarudi Kasongo, na Jumapili iliyofuata nikaenda Kalubi, watu walipotoka kanisani. Kapita alikuwa yule yule, mvi zimemjaa. Nikamwomba aniitie watu. Nikasimama mahali walipokuwa wameweka kile kigoda, nikasema yote, kwa sauti, bila kuacha kitu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilifikiri wengine watalia, wengine watanirushia mawe. Nilikuwa nawaletea habari kubwa.

Hakuna aliyeshtuka. Walitazama chini. Mama mmoja akasimama. Ni yule aliyeniambia nisiwaharibie samaki, sasa ni bibi wa wajukuu.

"Papa Amisi," akasema, "ile samaki ni siye tulipasua. Weye ulipasua moja tu. Siye tulipasua siku muzima. Mayai tuliyaona, mabeseni na mabeseni. Kila mama mwenye iko hapa aliyaona, alipika, alikula. Tulijua ile siku ile ile kama Mama Feza alisema kweli."

"Sasa kwa nini?" nikauliza.

Kapita ndiye aliyejibu, bila kuinua macho. "Tungesema kosa ni ya Leta, Leta ingetuuliza. Tungesema ni yetu siye wote, nani angetoka hapa? Yeye alikuwa peke yake. Na weye ulikuwa pale na muhuri. Tulikungojea useme. Kama ungesema neno moja, tungeshika ile neno. Ulisema balansi."

Nilirudi mjini nasukuma baiskeli, sikuweza kuipanda. Miaka yote nilijiona mtu mwenye siri nzito, na siri yenyewe ilikuwa imejaa kwenye mabeseni ya kijiji kizima. Walikuwa wamekosa mtu mmoja wa kuanza kusema, na nilikuwa nimelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kupima samaki ni nusu ya kazi yenu. Nusu nyingine ni kusimama na kusema ulichokiona tumboni mwake, hasa siku ambayo ulishaandika kitu kingine.

Mwezi uliofuata nikarudi Lusangi kama alivyoniagiza. Safari hiyo nilimkuta shambani, amekaa juu ya gogo, binti analima. Nikamweleza kila neno. Nikamwambia kapita amesema arudi nyumbani, nyumba watamjengea.

"Kurudi kufanya nini? Muhogo yangu iko hapa."

"Mama, walijua," nikasema. "Wote walijua tangu siku ile."

"Miye nilijua kama wanajua," akasema. "Walikuwa na visu mukononi, wangekosa kuona? Wale sikuwangojea, mutoto yangu. Nilikuwa nakungojea weye."

Alikuwa amengoja miaka kumi na miwili. Kutoka Kasongo mpaka Lusangi ni siku moja na nusu kwa pikipiki.